Neno la Kurudi Nyumbani

Kijiwe chenyewe ni viti vitatu vya chuma vilivyoungana, vile vya kungojea zamu, vilivyookotwa siku benki ya mtaa ilipohama. Mguu mmoja umekatika, umewekewa betri mbovu ya gari. Viko ukutani, katikati ya milango miwili: huku duka la kutengeneza simu na kompyuta, kule kwa kinyozi. Fundi wa simu anaitwa Risasi, kwa ajili ya ile risasi ya kuunganishia waya ambayo harufu yake haimtoki hata akioga. Chini, mbele ya viti, anakaa fundi viatu na boksi lake. Huyo ni Wakili; aliwahi kushinda kesi ya ukuta wa jirani, na tangu siku ile haongei kama watu, anatoa hoja. Daktari ni mlinzi wa geti la hospitali. Mle ndani ameingia siku moja tu, alipong'olewa jino, lakini magonjwa yote anayajua kwa majina. Kahawa ni ya Mama Chupa, anayekuja na chupa zake mbili za moto na vikombe visivyofanana, na kuondoka zikikauka.

Kinyozi ndiye aliyekuwa mwenye kijiwe. Walimwita Rubani, kwa sababu ya gemu lake. Nyuma ya kiti cha kunyolea alikuwa na kompyuta, na ndani ya kompyuta alikuwa na chombo cha kwenda anga za juu: unabeba mzigo kutoka kituo hiki hadi kile, sayari hii hadi ile, na njiani kuna majambazi. Sasa mikono yake ilikuwa na mashine na kichana, ataendeshaje? Risasi akamwekea programu ya kuamrisha kwa sauti. Mtu anasema neno, programu inabonyeza kitufe badala yake. Maneno Rubani aliyachagua mwenyewe, ya kazi yake. Akisema "chana", chombo kinakagua mbele. "Nyoa", kinafyatua mizinga. "Poda", kinatua taratibu. "Funga duka", kinageuza na kurudi kituo chake cha nyumbani. Wateja wageni walipata taabu. Mtu amefungwa shuka shingoni, anasikia "Geuka kulia!", anageuza kichwa na wembe uko sikioni.

— Si wewe, mzee, Rubani alikuwa akimwambia. Tulia. Wewe uko duniani.

Kisha asubuhi moja akaanguka katikati ya kichwa cha mtu, upande umenyolewa upande bado. Kiharusi. Aliporudi kutoka hospitali mkono wa kulia ulikuwa umelala, na maneno yamemchanganyikia. Sauti ilikuwa ile ile, nzito, yenye bashasha, ila akitaka maji anasema "kengele", akitaka kulala anasema "pasi". Na mkewe, ambaye tangu siku ya ndoa hakumwita kwa jina jingine ila Bibi Harusi, mbele ya wakwe, mbele ya wateja, hata wakiwa wamenuniana, sasa akawa anamwita Ndoo.

Duka likafungwa. Kompyuta ikahamishiwa sebuleni, nyumba ikiwa nyuma ya duka hilo hilo, na dirisha la sebule likitazama ubavuni mwa kijiwe. Kwa hiyo kijiwe kilisikia kila kitu.

Siku Risasi aliposema anakwenda kumpandishia Rubani programu yake toleo jipya, kahawa ilikuwa ya kwanza, bado inachoma midomo.

— La kazi gani? Wakili akauliza. Mtu hawezi kuomba maji, wewe unampelekea toleo jipya.

— La zamani limekufa. Gemu lilijisasisha, programu ya sauti ikabaki nyuma, haziongei tena. Chombo kimesimama kituoni tangu siku ile.

— Kisimame! Kwani kinakula?

— Anakaa mbele yake kutwa, Risasi akasema. Anakitazama tu. Mkono mmoja haumtoshi kukiendesha.

Kila mtu akapuliza kikombe chake. Daktari ndiye aliyeanza.

— Hayo maneno yake hayajapotea, nyie. Kichwa cha mtu ni kabati. Kiharusi kimemwaga droo zote chini, kisha kikarudisha haraka haraka, soksi kwenye vijiko, vijiko kwenye mashati. Vitu vyote vimo, ila kila kimoja kiko kwa jirani.

— Basi tumtingishe, Wakili akasema. Akishtuliwa vizuri vitarudi.

— Unamtingisha mgonjwa?

— Kumshtua. Mtu ajifiche mlangoni.

— Wakili, wewe ukijificha mlangoni, yeye atakufa na wewe utafungwa.

— Mimi nina hoja nyingine, Wakili akasema, akiweka kiatu chini. Naona anafanya makusudi. Mtu ameongea miaka yote hii, amechoka. Sasa anatupa kazi sisi tufikiri. Mimi jana aliniambia "kitambaa cha meza". Nimelala nalo. Nina hakika kuna kitu alimaanisha.

— Alimaanisha uondoke, Mama Chupa akasema.

— Sikilizeni, sikilizeni. Daktari akainama mbele. Rubani alipoanguka alikuwa amevaa nini kichwani?

— Hedifoni.

— Waya ulikuwa unakwenda wapi?

— Kwenye kompyuta.

— Na kompyuta ilikuwa inafanya nini asubuhi hiyo?

Akajibu mwenyewe.

— Ilikuwa inapokea gemu jipya! Lote lile, kubwa, linashuka kwa kasi. Mimi nasema lilikosea njia. Badala ya kuingia kwenye mashine likapita kwenye waya, likaingia kwake. Ndiyo maana maneno ya zamani hayasomeki.

Wakili alicheka mpaka akakohoa. Mama Chupa naye, ingawa alijizuia. Risasi hakucheka. Asubuhi ile ni yeye aliyepita kwa Rubani kabla ya kufungua duka, akakuta kompyuta inauliza kama ijisasishe, akabonyeza ndiyo. Anajua umeme na anajua waya. Anajua kabisa kwamba jambo hilo haliwezekani. Hata hivyo tangu siku ile kidole hicho amekuwa akikitazama.

Akameza kahawa iliyobaki, akabeba begi la vifaa, akaenda.

Toleo jipya liliingia bila matata. Faili la amri za Rubani, wenyewe wanaliita profaili, likakubali kuhamia, amri zote zikapanga mstari kama zilivyokuwa. Ila programu mpya ikasema haimjui mwenye sauti. Ilitaka kila amri ifundishwe upya: unafungua amri, unasema neno lako mara tatu, nayo inakariri.

Rubani alikaa kwenye kiti cha mkono, shati limefungwa vifungo vizuri, maana mkewe hakumwacha hata siku moja akae ovyo. Risasi akamwekea maiki karibu na mdomo.

— Kaka, sema "chana".

Rubani akamtazama. Akajaribu. Midomo ikatafuta, ikatafuta.

— Kengele, akasema. Akatikisa kichwa kwa hasira, alijua sivyo. Hilo ndilo lililomuuma Risasi kuliko yote, kwamba mwenyewe alikuwa anajisikia anavyokosea.

Risasi akakuna kidevu. Kisha akafikiri: hii mashine haijui maana ya neno. Ukiiambia kwamba "ndizi" ni injini, kwake ni injini. Kwa nini tulazimishe?

— Basi tufanye hivi. Mimi nabonyeza, wewe tazama. Lolote litakalokuja, ndilo hilo hilo.

Akabonyeza kitufe cha injini. Chombo kikanguruma, taa zikawaka. Rubani uso ukamkunjuka.

— Jumanne!

— Jumanne. Rudia.

— Jumanne. Jumanne.

Ikakariri. Risasi akaondoa mkono kwenye kibodi, akamwashiria aseme. Rubani akasema "Jumanne", na chombo, ambacho hakikuwa kimesogea tangu aanguke, kikanguruma chenyewe. Rubani akapiga goti lake kwa mkono wa kushoto, akacheka kicheko chake kile cha dukani, cha kumrusha mtu kwenye kiti.

Wakaendelea mpaka jua likahama dirishani. Mengine yalikataa, kila mara likija neno jingine, wakayaacha. Mengine yalikubali. Kwenda kasi: "polepole". Kutua: "mama mkwe". Mizinga: "samahani".

Ikabaki amri ile iliyokuwa "funga duka". Risasi akabonyeza. Skrini ikaonyesha kituo cha nyumbani kwa mbali, kidogo, kina taa za njano, na chombo kikaanza kugeuka kukielekea. Rubani akainama mbele. Macho yake yalilainika.

— Bibi Harusi, akasema.

Lilitoka zima, halina hata mkwaruzo. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha dawa. Alifungua mdomo aitike, kisha akaona kwamba macho ya mumewe hayakumwendea yeye.

— Bibi Harusi, Rubani akaiambia skrini. Bibi Harusi.

Mashine ikakariri.

Kesho yake kijiwe kilitaka kusikia habari zote. Ya "samahani" ndiyo iliyowamaliza. Daktari alisimama akaigiza: jambazi anakuja, Rubani anaomba msamaha, jambazi analipuka. Wakili akasema hayo ndiyo maadili, watu wote wangekuwa wanaomba radhi kabla ya kupiga, dunia ingekuwa mahali pazuri. Wakacheka mpaka Mama Chupa akamwaga kahawa ya mtu.

— Na kurudi nyumbani je? Wakili akauliza.

Risasi akawaambia.

Kicheko kikakatika. Dirishani walimsikia Rubani ndani akisema "Jumanne", na chombo kikinguruma. Mara mlango wa uani ukafunguka, mkewe akatoka, kanga imefungwa vizuri kiunoni, mikono ina unga wa sabuni.

— Hamjambo?

— Hatujambo, shemeji.

— Shemeji, akamwambia Risasi, nilikuwa na neno na wewe.

— Karibu. Tuingie ndani?

— Hapa hapa. Hawa nao watasikia tu, afadhali wasikie kwangu. Lile jina litoe.

— Jina lipi, shemeji? Risasi akauliza, ingawa alilijua.

— Mwalimu wa hospitali, yule wa kufundisha kuongea, amenipa kazi. Kila asubuhi namwonyesha kikombe, namuuliza hiki nini. Namwonyesha kiatu. Kisha najigusa mwenyewe, hivi, namuuliza mimi nani. Ananiambia ndoo. Naitika. Tangu ametoka hospitali naitikia ndoo, sijanuna, maana nilijua langu limo humo ndani, siku moja litatoka. Akavuta pumzi. Sasa limetoka, limekwenda kwenye kompyuta.

— Shemeji, ile ni amri ya kurudi nyumbani. Pengine ndiyo maana yake...

— Usinifariji. Litoe tu. Akikosa pa kulipeleka, huenda akaniletea mwenyewe.

Akarudi ndani. Mlango haukupigwa kwa nguvu; ulifungwa polepole, na hivyo ilikuwa mbaya zaidi.

Kijiwe kikamsindikiza kwa macho. Kisha hoja zikaanza.

— Ana haki, Wakili akasema. Jina la mtu ni mali yake.

— Jina alilitunga mumewe, Daktari akasema. Mtungaji ndiye mwenyewe.

— Alishampa! Ukinipa shati, kesho huwezi kuja kulivalisha kochi.

— Lakini Risasi akilitoa, jamaa atarudije nyumbani? Atazurura huko angani?

— Basi tuiweke kompyuta jikoni. Mkewe akae nyuma ya skrini pale pale, jina likipita limpate na yeye.

— Au picha yake ibandikwe juu ya kile kituo, Wakili akasema.

— Picha haitoshi, Daktari akasema, sasa amepata moto. Tatizo ni zile taa za njano. Ubongo umeshika taa. Shemeji atafutiwe nguo yenye taa za njano, azivae jioni, apite mbele yake taratibu kama kituo.

— Ajizungushe? Wakili akauliza kwa makini kabisa.

— Kidogo. Kituo kinazunguka.

— Nyie mna wazimu, Mama Chupa akasema. Mwanamke kaja kulia mbele yenu, nyie mnamfunga taa.

— Hakulia.

— Wewe ulikuwa unatazama nini?

Risasi alikuwa amejiinamia. Alijua kulitoa neno ni kazi ya kubonyeza mara moja. Alijua pia kwamba Rubani hatakuwa na njia ya kumuuliza kwa nini.

Alilitoa. Alikwenda mchana, akasema anakagua waya, akalifuta Rubani akiwa anakunywa uji. Kisha akajaribu kupata neno jingine la kuweka pale. Akabonyeza, kituo kikatokea, Rubani akasema "Bibi Harusi". Akangoja, akabonyeza tena. "Bibi Harusi". Hakuna jingine. Risasi akaliacha pengo, akatoka bila kuaga.

Siku iliyofuata kijiwe hakikubishana kabisa, kwa sababu ya dirisha.

Rubani alikuwa amekwenda mbali, kupeleka mzigo. Alifika, akatua, akapakua. Kisha akataka kurudi.

— Bibi Harusi, wakamsikia.

— Abee! mkewe akaitika kutoka jikoni, na sufuria likaanguka. Nyayo zikaja mbio.

Kisha sauti yake, ndogo:

— Nipo. Nipo hapa, baba. Nimekuja.

— Bibi Harusi! Rubani akasema, na sasa ilikuwa kwa ukali.

— Si ndiyo mimi? Nitazame.

Risasi, mkononi kashika kifaa cha kuunganishia, hakuweza kuona ndani, lakini hakuhitaji kuona. Alisikia kiti kikisogezwa. Rubani alikuwa anamsogeza mkewe kwa mkono wake mzima, atoke mbele ya skrini.

Iliendelea mpaka adhuhuri ikapita. Anaita, anaitikiwa, anamsogeza. Mkewe anarudi jikoni, anaitwa tena, anakuja tena. Baadaye nyayo hazikuwa za mbio. Baadaye zaidi sauti ya Rubani ilianza kupasuka, na mara moja moja kati ya kuita na kuita, walimsikia analia, kilio cha mtu aliyepotea njia na giza linaingia. Wakili aliinamia kiatu kilekile akikishona pale alipokwisha kukishona. Daktari alisema "Jamani", hakuendelea. Mama Chupa alimimina vikombe vyote bila kuulizwa, na hakuna aliyekunywa.

Mlango wa uani ukafunguka.

— Rudisha, mkewe akasema.

— Shemeji, nisamehe, mimi...

— Ni mimi niliyekutuma. Nimeitika mpaka sauti imeniisha. Hakuwa ananiita. Akajifuta uso kwa upande wa mkono. Mwache arudi nyumbani, shemeji. Rudisha.

Risasi akaenda naye. Sebuleni skrini ilikuwa nyeusi, ina nyota chache, na chombo kimeelea katikati. Rubani hakugeuka. Risasi akafungua ile amri, akaweka maiki, akamgusa bega.

— Sema, kaka.

— Bibi Harusi, Rubani akasema, amechoka.

— Abee, mkewe akasema.

Alikuwa amesimama nyuma ya kiti. Risasi akamtazama: ni mazoea tu, au makusudi? Hakupata jibu usoni mwake.

— Bibi Harusi.

— Abee.

— Bibi Harusi.

— Abee, baba.

Mashine ikasema imekariri. Risasi alijua imekariri nini. Imechukua yote kwa pamoja, mwito na mwitiko, kama neno moja refu. Rubani akaliita jina peke yake na chombo hakikutikisika. Mkewe akaitika, na chombo kikageuza pua kwa upole, taa za njano zikatokea kwa mbali, na Rubani akaegemea nyuma, akafumba macho.

— Hapa imekosea, Risasi akasema kwa sauti ya chini. Imekuchukua na wewe. Nifute nianze upya?

— Acha.

— Shemeji, ukiwa sokoni hakitarudi.

— Kitanisubiri. Mbona mimi nasubiri.

Akaacha.

Zikaja wiki ambazo kijiwe kilizipenda. Kila alasiri mkewe alivuta kigoda, akakaa kando ya kiti cha mumewe akichambua mboga au kushona kifungo, na wawili hao wakaenda mbali. Kijiwe kilisikia "Jumanne", kikasikia "polepole" na mngurumo wa kasi, na mara nyingine "samahani, samahani, samahani" na mlipuko, na wote wakapiga makofi nje. Mwisho ilikuwa lazima ije ile ya kurudi: anaita, anaitikiwa, wanarudi. Akitoka kumwaga maji, mkewe alisimama kidogo kijiweni kutoa habari.

— Leo tulibeba maji. Sayari moja haina maji kabisa.

— Mlifika salama, shemeji?

— Tulifika.

"Tulifika", alisema. Risasi alilisikia hilo neno na hakumwambia mtu. Ila mezani, wakati wa chakula, na usiku akitaka kugeuzwa, Rubani bado alimwita Ndoo. Wala mkewe hakuuliza tena asubuhi "mimi nani". Kikombe alikionyesha, kiatu alikionyesha, mwenyewe alijiruka.

Kisha ugonjwa ukarudi. Haukuwa mkubwa kama wa kwanza, hakuanguka hata. Aliamka tu, na yale machache yaliyobaki yalikuwa yameondoka. Risasi alienda na maiki, akabonyeza kitufe cha injini, akangoja. Rubani alitazama taa zikiwaka. Alitazama vizuri, kama mtu anayetazama nyumba aliyowahi kukaa. Jumanne haikuja, wala neno lolote badala yake. Mizinga, kasi, kutua, kimya. Kengele imekwenda, pasi imekwenda, hata Ndoo imekwenda.

Limebaki moja.

Hivyo chombo hakitoki tena. Hakuna neno la kukitoa. Risasi alijitolea kukaa pale abonyeze yeye, wasafiri, lakini Rubani alimshika mkono kwa ule wa kushoto akauondoa kwenye kibodi, bila ukali. Kila alasiri mkewe huwasha kompyuta, huvuta kigoda, na kituo cha njano hujaa skrini nzima, kwa sababu chombo kimeegeshwa ndani yake. Rubani huita. Mkewe huitika. Mashine huandika kwamba tayari uko nyumbani. Baada ya muda huita tena.

Hayo ndiyo waliyokuwa wakibishania kijiweni siku alipokuja dada mmoja na simu yenye kioo kilichopasuka. Alikuwa na haraka, alisimama na mkoba begani, akasema atangoja pale pale. Risasi akafungua simu mezani kwake mlangoni. Daktari alikuwa anaeleza kwamba neno moja likibaki si kwamba mengine yamekufa, ila yamejificha nyuma yake, kwa hiyo likivutwa kwa nguvu yatafuatana kama uzi. Wakili akataka kujua livutwe na nani na kwa idhini ya nani. Daktari akasema hata kwa ndoano. Dirishani ikasikika:

— Bibi Harusi.

— Abee.

Yule dada akageuka, akauliza ni nani. Mama Chupa akamhadithia, kwa kifupi, huku akimmiminia kahawa: kinyozi, chombo, jina, na jinsi mashine ilivyokariri. Dada akasikiliza, kikombe kikipoa mkononi. Akaketi.

— Sasa, akasema, kama chombo tayari kimefika nyumbani, anamwita nani?

Daktari akageukia dirisha. Wakili akashika sindano yake, akaitafuta tundu kwa muda mrefu, ingawa uzi ulikuwa umekwisha kupita. Mama Chupa akatikisa chupa ya kwanza, kisha ya pili; zote zilikuwa tupu, lakini hakuinuka kwenda.

— Simu yako tayari, dada, Risasi akasema.

Aliipokea, akashukuru, akaiweka mapajani bila kuiwasha, akabaki amekaa pale pamoja nao, wote wakisikiliza dirisha.